Bei, Gharama na Thamani: Gitaa la Besi na Wenye Vyombo katika Historia ya Muziki wa Dansi



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu inaweza kuonekana ngeni katika jukwaa la taaluma za Kiswahili. Tumezoea kukutana hapa kujadili ngeli, lahaja, tenzi na istilahi. Leo ninaomba tujadili gitaa la besi, na hasa swali moja ambalo wapigaji wa gitaa hilo huko Ulaya na Marekani hupenda kuulizana: gitaa lako la ghali kuliko yote ulilinunua kwa kiasi gani? Kwao jibu ni tarakimu tu. Mmoja atataja mamia ya dola, mwingine maelfu.

Tukilichukua swali hilo na kumwuliza mpiga besi aliyefanya kazi Dar es Salaam katika miaka ya 1970, tarakimu haitapatikana kwa urahisi. Si kwa sababu amesahau, bali kwa sababu mara nyingi hakununua. Kabla ya kuuliza gitaa lilinunuliwa kwa kiasi gani, itabidi tuulize lilikuwa la nani. Hapo ndipo historia ya muziki na historia ya lugha zinapokutana.

Nitaongozwa na maneno matatu: bei, gharama na thamani. Yote matatu yana asili ya Kiarabu, na yote yameingia katika Kiswahili kwa njia ya mahusiano na biashara ya bahari. Lakini Kiswahili hakikuyapokea kama visawe. Bei, ambalo katika Kiarabu lina maana ya kuuza, kwetu ni kiasi kinachotajwa sokoni. Gharama, ambalo asili yake inahusiana na faini au fidia ya lazima, kwetu ni kile kinachomtoka mtu ili jambo liwezekane. Thamani, ambalo kwa wenyewe lilikuwa ndilo bei, kwetu limepanda daraja: ni ubora au uzito wa kitu, hata kama hakiuzwi. Hoja yangu ni kwamba gitaa la besi lina historia tatu zinazolingana na maneno haya, na kwamba katika muziki wetu wa dansi tumeandika sehemu ndogo tu ya hizo.

2.0 Ala, Vyombo na Mwenye Vyombo

Tuanze na istilahi. Vitabu vya kufundishia hutumia neno "ala za muziki". Wanamuziki wenyewe husema "vyombo". Husema bendi imepata vyombo vipya, vyombo vimeharibika, vyombo vimefungwa jukwaani. Tofauti hii si ya mtindo tu. Ala ni kitu kimoja kinachotoa sauti, kama vile zeze, marimba au fidla. Vyombo, kwa matumizi ya wanadansi, ni seti nzima: magitaa, ngoma za kizungu, tarumbeta, maikrofoni, amplifaya na spika.

Seti hii ina maana ya pekee kwa mpiga besi. Mpiga zeze akiwa na zeze lake amekamilika. Anaweza kukaa chini ya mwembe akapiga, akasikika. Gitaa la besi la umeme halisikiki bila amplifaya na spika, tena spika kubwa kuliko zile zinazolitosha gitaa la solo, kwa kuwa sauti nene huhitaji nguvu zaidi. Kwa hiyo hata mpigaji aliyejikakamua akanunua gitaa lake mwenyewe, bado alikuwa nusu ya safari. Nusu iliyobaki ilikuwa mikononi mwa mwenye vyombo.

Fungu la maneno "mwenye vyombo" linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika mwambao wetu, chombo ni pia jahazi au mashua. Mwenye chombo ni yule anayekimiliki, naye si lazima awe nahodha wala baharia. Kwa desturi ya uvuvi na usafiri wa majahazi, mapato hugawanywa kwa mafungu, na mwenye chombo huchukua fungu lake hata kama hakuondoka pwani. Tajiri wa daladala naye hupelekewa hesabu jioni ingawa hajashika usukani. Sidai kwamba wanadansi walikaa wakaamua kuazima istilahi ya majahazi, kwani chombo ni neno pana linalofaa hata kwa sufuria. Ninachosema ni kwamba msikilizaji wa Kiswahili aliposikia "mwenye vyombo" alielewa mara moja uhusiano unaotajwa. Kuna anayemiliki, kuna anayefanya kazi, na kuna fungu.

Majina ya kazi yenyewe yamejaa nguvu za mwili. Gitaa hupigwa, hucharazwa, hukung'utwa, na besi huungurumishwa. Kucharaza ni kitendo cha fimbo, kukung'uta ni kitendo cha kutoa vumbi, na kuunguruma ni kwa simba na radi. Kiswahili cha magazeti kiliunda mcharazaji, mkung'utaji na muungurumishaji. Majina yote hayo yanamsifu mtu kwa kile anachokifanya, na hakuna hata moja linalomsifu kwa kile anachokimiliki.

3.0 Bei: Kutoka Dola 200 hadi Dola 384,000

Gitaa la besi la umeme tunalolijua leo lilienea baada ya Leo Fender wa California kutoa Precision Bass mwaka 1951. Kabla ya hapo mpiga besi wa bendi za dansi huko Marekani alibeba besi kubwa ya kusimama, yenye kimo cha mtu, ngumu kusafirisha na rahisi kuzidiwa na kelele za tarumbeta. Fender alimpa chombo chepesi, kinachovaliwa begani, chenye vigawanyo vya chuma shingoni vinavyouongoza mkono kwenye sauti sahihi. Bei yake ilikuwa chini kidogo ya dola 200, yaani takriban dola 2,000 kwa nguvu ya dola ya mwaka 2020. Kilikuwa kifaa cha kazi, kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili ya mtu anayeishi kwa kazi hiyo.

Baadhi ya magitaa mashuhuri ya besi yalinunuliwa kwa sababu yalikuwa rahisi. Mwaka 1961, huko Hamburg, Paul McCartney alinunua besi ya Höfner kwa takriban pauni 30. Fender ilikuwa nje ya uwezo wake, na umbo la Höfner, linalofanana pande zote mbili, lilimfaa mtu wa mkono wa kushoto. Gitaa hilo liliibwa mwaka 1972, na habari za kurudishwa kwake zilitangazwa mwaka 2024. Jaco Pastorius wa Florida alikuwa na Fender Jazz Bass ya mwaka 1962 aliyoipata kwa takriban dola 90. Aling'oa vigawanyo vya chuma, akaziba mianya, akaupaka ubao wa shingo utomvu mgumu wa kupakia mashua. Kwa gitaa hilo la bei ndogo alibadilisha namna besi inavyopigwa duniani. Liliibwa mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, likaonekana tena baada ya takriban miaka 20.

James Jamerson wa Detroit, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown, naye alitegemea Precision Bass moja ya mwaka 1962. Kwa miaka mingi wanunuzi wa santuri hizo walimcheza Jamerson bila kumjua, kwa kuwa majina ya wapigaji hayakuandikwa. Alitajwa kwenye jalada la albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Gitaa lake liliibwa mwaka 1983, muda mfupi kabla hajafariki.

Sasa tulinganishe. Mwaka 2020, gitaa la Fender Mustang la mwaka 1969 lililokuwa la Bill Wyman wa Rolling Stones liliuzwa kwa mnada kwa dola 384,000. Mbao, nyaya na sumaku za gitaa hilo hazikugeuka kuwa dhahabu katika miaka hiyo hamsini. Kilichonunuliwa ni jina la mtu aliyeligusa. Kwa lugha yetu, thamani ya mpigaji ilihamia katika chombo, kisha ikarudi sokoni ikiwa bei. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu chombo na mpigaji walikuwa wamefungamana: gitaa lilijulikana kuwa la Wyman, naye Wyman alijulikana kuwa mpigaji wake. Palipokosekana mfungamano huo, mambo yalikwenda njia nyingine.

4.0 Gharama: Bendi za Mashirika na Bendi za Matajiri

Dansi lilikuwapo nchini kwetu kabla ya gitaa la umeme. Dar es Salaam Jazz Band ilianza miaka ya 1930 na Morogoro Jazz mwaka 1944. Bendi nyingi za awali zilikuwa za aina ya klabu: wanachama walichanga, wakanunua vyombo polepole, na vyombo vikawa vya chama. Katika miaka ya 1960 magitaa ya umeme yalipozidi kuenea, mchango wa wanachama haukutosha tena. Gharama ya kuwa bendi ilikuwa imepanda.

Walioibeba gharama hiyo walikuwa hasa mashirika ya umma na jumuiya za chama na serikali. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikafuata majina ya mwajiri wake kila yalipobadilika: Juwata, OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Umoja wa vijana ulikuwa na Vijana Jazz, Shirika la Bima la Taifa likawa na Bima Lee, Shirika la Usafiri Dar es Salaam likawa na UDA Jazz, na polisi na majeshi nayo yakawa na bendi zao. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo sababu ya herufi DDC mbele ya jina lake.

Haitakuwa haki kuueleza mfumo huu kama unyonyaji mtupu. Mwanamuziki wa shirika alipata mshahara wa mwezi, jambo ambalo wapigaji wengi duniani hawajawahi kulionja. Hakuhitaji kuuza shamba la baba yake ili apate gitaa. Vijana waliotoka Tanga, Morogoro na Tabora waliingia katika bendi za mji mkuu wakiwa na ujuzi tu, na ujuzi huo ukatosha. Dansi la miaka ya 1970 na 1980 lilisitawi kwa kiasi kikubwa kwa sababu gharama ya vyombo iliondolewa mabegani mwa wapigaji.

Hata hivyo, kilichoondolewa begani kiliondoka pia mkononi. Tutazame hesabu. Mwaka 1970 dola moja ilikuwa sawa na takriban shilingi 7 za Tanzania, na gitaa la dola 200 lingegharimu takriban shilingi 1,400 kabla ya usafiri na ushuru. Mwaka 1985 kiwango rasmi kilikuwa takriban shilingi 17. Mwaka 1995 kilizidi shilingi 500, na gitaa lile lile, kwa dola zile zile, lingezidi shilingi 100,000. Katika miaka ya uhaba iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, tatizo halikuwa shilingi peke yake. Aliyekuwa na shilingi alihitaji fedha za kigeni na kibali cha kuagiza, na vyote viwili vilipatikana kwa taasisi na wafanyabiashara wachache kuliko kwa mtu binafsi. Tena, mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977 hadi 1983, hivyo hata maduka ya Nairobi yalikuwa mbali kuliko ramani inavyoonyesha.

Ndipo tunapoelewa tabia moja ya dansi ambayo mara nyingi huelezwa kwa lugha ya tamaa na usaliti: kuhamahama kwa wanamuziki. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliwavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, wakiwamo Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka. Mashabiki walilichukulia tukio hilo kama habari ya mpira, yaani nani kasajiliwa wapi. Tukilitazama kwa jicho la umiliki, linaeleweka vingine. Mwanamuziki asiyekuwa na vyombo hakuwa na njia rahisi ya kuanzisha bendi yake. Alipotaka maslahi bora, njia iliyokuwa wazi ilikuwa kumhama mwenye vyombo mmoja na kwenda kwa mwingine. Gitaa lilibaki jukwaani likimsubiri mrithi, naye akaondoka na vidole vyake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Orchestra Maquis, bendi ya Wakongo waliohamia Dar es Salaam katika miaka ya 1970, iliunda kampuni yake iliyojulikana kwa kifupi OMACO. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano, akaiongoza hadi alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Na kule Kongo kwenyewe, ambako dansi letu lilichota mengi, jina la OK Jazz ya mwaka 1956 lilitokana na baa ya Oscar Kashama. Baadaye bendi hiyo ikawa milki ya Franco, mpiga gitaa, naye akawa mwenye vyombo kwa wengine. Mfano huu unatuonya tusidhani kwamba umiliki ukihamia kwa mwanamuziki basi fungu hugawanywa sawa.

5.0 Sanduku: Besi Isiyo na Bei

Kabla ya kufika kwenye thamani, ninaomba tuvuke hadi Unguja. Katika kidumbak, muziki wa harusi na shangwe unaotajwa kama ndugu wa mtaani wa taarabu, fidla huongoza, ngoma ndogo mbili, yaani vidumbak vyenyewe, hushika mwendo, na cherewa na mkwasa hujaza. Sauti ya chini hutolewa na sanduku. Hilo ni sanduku la mbao la kufungia majani ya chai, lililogeuzwa juu chini, likatiwa uzi mmoja na fimbo. Mpigaji huivuta fimbo ili kukaza uzi au huilegeza ili kuushusha, na sauti hupanda au kushuka.

Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na besi kubwa ya kusimama katika okestra za taarabu kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, na ndiyo inayofanywa na gitaa la besi katika dansi. Lakini sanduku halina bei ya kutajwa wala halihitaji amplifaya. Mwenye sanduku na mpiga sanduku wanaweza kuwa mtu mmoja. Kwa mwanaisimu, jina lenyewe lina mafunzo: Waswahili hawakuona haja ya kuunda istilahi mpya. Walikiita kitu kwa jina la kile kilichokuwa kabla hakijaimba. Tukitaka kujua besi hufanya nini katika muziki, tukiondoa chapa, mnada na umeme, sanduku linatujibu vizuri kuliko orodha yoyote ya bei.

6.0 Thamani: Nani Anakumbukwa?

Sasa niseme kile kilichonifanya nichague mada hii. Katika Afrika ya Mashariki ni vigumu kumpata mtu mzima apendaye muziki asiyeweza kuiimba kwa mdomo besi inayofungua wimbo "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 baada ya wanamuziki kujitenga na Simba Wanyika. Besi hiyo si pambo. Ndiyo mlango wa wimbo, na watu huutambua wimbo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Aliyeipiga ni Tom Malanga. Niwaulize wanafunzi mlioko hapa: ni wangapi kati yenu mliijua besi hiyo, na ni wangapi mlilijua jina?

Tofauti kati ya idadi hizo mbili ndiyo hasara yetu. Huko kwingine, gitaa lililouzwa kwa mnada limelibeba jina la mpigaji wake hadi kwenye makabati ya kioo. Kwetu, vyombo vya mashirika vilipita katika mikono mingi, vikachakaa, na bendi nyingi zilipopoteza udhamini katika mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990, vikatawanyika. Hakuna gitaa litakalotubebea majina. Kilichobaki ni rekodi, ambazo mara nyingi hutaja bendi, mtunzi na mwimbaji, pamoja na kumbukumbu za watu ambao sasa ni wazee. Isitoshe, katika nyimbo nyingi za kizazi kipya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 sauti ya besi hutoka katika kompyuta au kinanda cha umeme, na maneno kama kuungurumisha besi yanaanza kupoteza kitendo yaliyokitaja.

Historia ikiandikwa kwa kufuata hati za manunuzi, itawataja wanunuzi: mashirika, wafanyabiashara, wenye baa. Wapigaji watatoweka, kwa kuwa hawakununua. Hapo ndipo lugha inapoweza kushuhudia kile ambacho hati haisemi. Maneno ya jukwaani, kama vyombo, mwenye vyombo, kuvuta wanamuziki, kukodi vyombo na fungu la kiingilio, ni kumbukumbu ya uhusiano wa kazi. Kamusi zetu zimeyaingiza machache kati yake kwa maana hizi, na kuyakusanya ni kazi ya haki kwa shahada ya uzamili, si ya mapumziko. Anayeifanya aende na kinasa sauti kwa waliopiga, aulize maneno, na kwa kila wimbo aulize pia: besi ilipigwa na nani?

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba swali la bei ya gitaa la besi lina majibu matatu. Kwa bei, limetoka chini ya dola 200 mwaka 1951 hadi mamia ya maelfu kwa gitaa lililoguswa na mtu mashuhuri. Kwa gharama, katika dansi letu lililipiwa na mashirika na matajiri, nao wapigaji wakalilipia kwa namna nyingine, yaani kwa kukosa kauli juu ya vyombo na kwa kuhama kila walipotafuta nafuu. Kwa thamani, hesabu bado haijafungwa, kwa sababu wengi wa waliolipiga hawajaandikwa.

Chuo hiki hakiwezi kuwarudishia wazee wale magitaa waliyoyaacha jukwaani. Kinaweza kuyaandika majina yao wakiwa bado hai kuyatamka. Kazi hiyo ni ya idara zetu, na muda wake ni sasa.